Sindano Nilizompelekea Daktari

Mafuta ya cherehani hayana harufu kali. Mtu asiyeyazoea anaweza kukaa karibu nayo kutwa asitambue kitu. Mimi pua yangu huyapata kabla macho hayajaiona cherehani yenyewe, na hapo hapo husimama, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka nyuma. Juzi nilipeleka sketi kwa fundi mmoja, kijana mchangamfu, apunguze kiuno. Alipokuwa anashona sindano ikakatika. Akaichomoa, akaitupa sakafuni, akatia nyingine bila hata kuacha mazungumzo. Nikainama nikaiokota ile iliyokatika.

"Ya nini hiyo, Mama?" akaniuliza huku akicheka. "Itakudunga."

Wenzangu wa rika langu huenda wangenielewa. Sisi tulikulia kwenye nyumba ambazo sindano moja ya cherehani ilitunzwa kama jicho, na mtoto akiiangusha, watu wote hupiga magoti sakafuni kuitafuta mpaka ipatikane. Nikaiweka kwenye kitambaa changu cha mkono nikaenda zangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyawaza mambo ya mwaka ule niliokaa Milimani.

Mama yangu alikuwa akishona nguo Kisumu mjini, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja ambaye kila mtu alimwita Bhai. Bendera ya nchi ilikuwa bado mpya wakati huo, na wanawake wengi walitaka magauni ya kuvaa kwenye sherehe na kanisani. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho barazani, Mama akampima. Mimi nilikaa chini karibu na kikanyagio cha cherehani, nikitazama nyayo zake zikipanda na kushuka. Baba alikuwa amekwenda Jinja kufanya kazi na hakurudi. Sikumkumbuka sura. Kwa hiyo dunia yangu ilikuwa ile baraza, na katika dunia ile Mama alikuwa akiongea nami bila kukoma, hata akiwa na pini mdomoni.

Kazi yake ya mwisho kila jioni, kabla Bhai hajafunga milango, ilikuwa kutunza sindano. Alilegeza kijiskurubu kinachoshikilia sindano, akaichomoa, akaipangusa kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta, kisha akaipangusa tena kwa kitambaa kikavu, maana mafuta yakibaki yatatia doa kwenye nguo ya mtu kesho yake. Halafu aliiburuta ncha yake polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza, basi ncha imeota meno, na itachana hariri. Aliilaza juu ya kioo kidogo akaizungusha kuona kama imepinda. Tundu la sindano likijaa vumbi la nyuzi, alipitisha uzi uliolowa mafuta akausugua huku na huku. Pale chini, inapokaa bobini yenye uzi wa chini, alifagia kwa unyoya wa kuku.

"Kisumu hii ni ya maji," alikuwa akiniambia. "Hewa yenyewe ina maji. Ukilala usiku mmoja bila kuifuta, asubuhi ina kutu. Na sindano ya kutu, mwanangu, ikipita kwenye kitambaa cheupe, hilo doa halitoki mpaka kitambaa kizikwe."

Ndipo alipoichoma kwenye kijimto chake kidogo chekundu alichokijaza manyoya ya kondoo, na nyingine akazilaza kwenye kikebe bapa cha peremende kilichonyunyizwa poda ya mtoto. Mimi nilishika kifuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kikohozi chake sikumbuki kilianza lini. Nakumbuka tu kwamba kulikuwa na wakati aliweza kushona mshono mrefu wa sketi bila kusimama, kisha ukafika wakati alisimama katikati, akageuza uso, akashika ukingo wa meza mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Bhai alitoka ndani na glasi ya chai. Aliiweka mbali kidogo na Mama, akarudi nyuma. Hata mimi niliona alivyorudi nyuma. Wateja nao wakaanza kuacha vitambaa kwa Bhai badala ya kumpa Mama mkononi.

Siku moja shangazi yangu alikuja kutuchukua. Tulimwita Waya, kama Wajaluo wanavyomwita dada ya baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, aliyefanya kazi ya kulea watoto kwenye nyumba ya afisa mmoja huko Milimani, mtaa wa wakubwa wa mji ule ule. Alikuja na mkokoteni. Cherehani ikapakiwa, na godoro, na masanduku, na mimi nikaambiwa nipande juu. Mama hakupanda. Alisimama barazani amejifunga leso kichwani, na kitambaa kingine amekishika mdomoni.

"Mama haji?" nikamuuliza Waya.

"Mama anaenda hospitali."

"Atakuja kesho?"

"Kaa vizuri, nyathina, mwanangu, usianguke."

Mama hakunikumbatia. Nilidhani amenikasirikia kwa jambo fulani, nikawa nalitafuta kichwani njia nzima. Alisema tu, kwa sauti ya kupasua umbali: "Zipanguse sindano zangu! Usiache zikashika kutu!"

Milimani ilikuwa kama nchi nyingine. Nyumba zilikaa mbali mbali, kila moja imejificha nyuma ya ua wa michongoma, na miti mikubwa iliyomwaga maua kwenye nyasi, maua ambayo hakuna mtu aliyeyakanyaga. Magari yalitoka asubuhi na kurudi jioni. Katikati ya hapo kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia tena mahali popote. Waya alipewa chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, karibu na tangi la maji. Alfajiri alivaa aproni yake nyeupe akaenda, na aliporudi mchana kunitazama alikuja kwa haraka, ugali na omena kwenye bakuli lililofunikwa, akaniambia nisiende upande wa nyumba kubwa, nisichume maua, nisichokoze mbwa. Watoto wa nyumba ile walikuwa wadogo kuliko mimi. Niliwasikia wakicheka upande wa mbele. Sikuwaona uso kwa uso zaidi ya mara chache, na wao hawakunijua kabisa.

Shule nilikuwa sijaanza. Waya alisema nitaanza Mama akipona. Basi kutwa nilikaa na cherehani. Iliwekwa kwenye kona, imefunikwa shuka, na nilipoifunua niliona kama nimemfunua mtu. Toka pale mlangoni ungeweza kuliona ziwa kule chini, limelala kama bati, na wakati mwingine wingu jeusi likainuka kutoka majini, si moshi wala si mvua, bali wale wadudu wadogo wa ziwani. Siku hizo waliingia kila mahali. Waliganda kwenye mafuta ya cherehani, nami niliwatoa mmoja mmoja kwa unyoya.

Jumapili Waya alikwenda hospitali. Mimi sikupelekwa. Watoto hawaruhusiwi, aliniambia. Alirudi akivua viatu mlangoni na kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilimfuata kila alipogeuka.

"Amesemaje?"

"Anakusalimia."

"Ana ugonjwa gani?"

Waya alikaa kitandani. Nadhani alikuwa amechoka kunyamaza. "Wamempiga picha ya kifua. Picha imeonyesha tundu kwenye pafu."

"Tundu?"

"Tundu. Pafu limetoboka, nyathina."

"Sasa watafanyaje?"

"Sasa watamdunga sindano. Kila siku, kila siku, mpaka lizibe. Hizo sindano ndizo zitamponya."

Hapo ndipo mambo yote yaliponyooka kichwani mwangu. Kitu kilichotoboka huzibwa kwa sindano, jambo hilo nililijua kuliko mtoto yeyote wa Kisumu. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kudungwa nikakumbuka. Nilikuwa na kovu la chanjo begani, mahali ambapo Mama alisema nilidungwa sindano nikiwa mchanga, na nilipolitazama niliona limekunjamana kama mahali palipotiwa kiraka. Kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Nilimwona daktari ameinama juu ya kifua cha mama yangu, uzi mweupe kwenye sindano, anamshona kidogo kidogo kila siku, kwa sababu pafu ni laini na haliwezi kushonwa lote mara moja.

Kilichoniogopesha ni kitu kingine. Nani anazifuta sindano za daktari? Hospitali iko karibu na ziwa. Hewa yenyewe ina maji. Je, kama zina kutu? Doa la kutu halitoki. Je, kama zimeota meno zinachana badala ya kushona? Nilijua sauti ya sindano butu: kila inapopiga kitambaa hulia tok, tok, tok, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Nililala nikiisikia sauti hiyo kifuani mwa Mama.

Toka siku hiyo nilikuwa na kazi. Asubuhi Waya akishaondoka nilitandaza kitambaa cheupe mlangoni, kwenye mwanga, nikakifungua kikebe. Nilizitoa sindano moja baada ya nyingine. Yenye kutu niliisugua kwa jivu laini nililolichekecha kutoka jikoni, kisha nikaipangusa, kisha mafuta, kisha kitambaa kikavu. Niliiburuta kila ncha kwenye ukucha wangu mdogo mpaka ukucha ukachorekachoreka. Nilizungusha kila moja kwenye kioo. Vidole vyangu vilikuwa na vitundu vya damu ambavyo Waya alidhani ni vya miiba ya ua, akanichapa kidogo kwa kucheza na michongoma. Sikumweleza. Ilikuwa kazi yangu na Mama, na nilikuwa nikizungumza naye wakati wote nikiifanya, nikimwonyesha kila sindano. Nilikuwa nikijibu na kwa niaba yake.

Zote zilipokuwa zimeng'aa nilizilaza kwenye poda. Kulikuwa na moja nene, ya kushonea turubai na vifuniko vya viti, ambayo Mama alinikataza kuichanganya na nyingine. Niliishika muda mrefu. Mwishowe niliitia pia, nikidhani daktari huenda akakuta mahali pagumu.

"Waya," nikasema Jumapili, "mpe daktari hizi."

Alikifungua kikebe, akatazama, akanitazama. "Za nini?"

"Za Mama. Nimezisafisha. Za kumshonea."

Alikuwa amechelewa, kapu liko kichwani tayari. Sijui kama alilisikia neno lile la mwisho. Alikitumbukiza kikebe kapuni, chini ya ndizi. Jioni nilimngoja langoni, mahali nilipokatazwa kusimama.

"Ulimpa?"

"Nilipeleka."

"Amesemaje?"

"Amefurahi sana," alisema Waya, akinishika kichwa. "Amesema asante. Ero kamano."

Nadhani siku ile ndiyo niliyokuwa na furaha kuliko zote za mwaka ule. Nilirudi chumbani nikakaa na cherehani isiyo na sindano, nikaona si kitu, sindano ziko kazini.

Miezi ilipita. Mara moja tu Waya alinichukua. Alinisimamisha nje ya uzio wa seng'enge wa hospitali, chini ya mti, akaenda mwenyewe ndani, na baada ya muda akatokea mbali kwenye veranda ndefu iliyopangwa vitanda, na mtu kando yake. Mtu huyo alikuwa mwembamba kuliko mama yangu, na nywele zake zilikuwa zimekatwa. Lakini alisimama kwa kuegemea mguu mmoja, kama Mama anavyosimama.

"Mama!" niliita.

Hakugeuka. Alikuwa akitazama upande wa ziwa.

"Mama! Mama!" Niliita mpaka mlinzi akaja kunitazama. Kule verandani Waya akamgusa Mama begani, akamwonyesha nilipo. Ndipo alipoinua mkono. Aliupunga kwa muda mrefu, lakini hakuniita kwa jina wala hakuitikia, na mimi nilirudi Milimani nikiwa na hakika sasa kwamba amenikasirikia kweli.

Alirudi wakati wa mvua ndefu. Waya alikuwa ametutafutia chumba mtaa wa Kaloleni, chumba chenye paa la bati na dirisha moja, na cherehani ikapelekwa huko kabla yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni alipoteremka kwenye gari. Safari hii alinikumbatia. Alinibana mpaka nikahisi mifupa yake, akanusa kichwa changu, akasema, "Umekua! Umekua!" kwa sauti kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, hata majirani wakachungulia.

"Mama, pafu limeziba?" nikamuuliza.

Alitabasamu tu.

"Limeziba, Mama?"

Waya alinivuta mkono, akanipeleka kando ya mlango. Alichutama ili uso wake uwe sawa na wangu. "Amepona kifua," alisema. "Lakini masikio yamekufa. Ni zile sindano. Madaktari wanasema huwafanyia hivyo watu wengine. Usimpigie kelele, hasikii."

Ni zile sindano. Waya alisema maneno hayo akaenda kumsaidia Mama na mzigo. Alifikiri amenieleza.

Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka sawasawa uzito wa jambo lililomlemea akiwa mtoto. Najua tu kwamba nilikaa kwenye kizingiti kile na jua likanihama. Niliiona ile sindano nene ya turubai. Niliona daktari akishona, akipitiliza alama, kutoka kifuani mpaka shingoni, mpaka kwenye masikio, akiyaziba. Na sindano zilikuwa safi, hazikukwama popote, kwa sababu nilizisugua mwenyewe.

Basi tukaishi chumba kimoja, watu wawili, na siku zile ndizo zilizokuwa za upweke kuliko zile za Milimani. Milimani nilizungumza na Mama asiyekuwepo. Kaloleni alikuwepo, na sikuzungumza naye. Yeye naye, aliyekuwa haishiwi na maneno, alianza kunyamaza. Nadhani aliogopa sauti yake mwenyewe, alivyoona watu wanavyoshtuka akizungumza. Wateja wachache walikuja. Walimwonyesha kwa vidole: mikono mifupi, shingo ya mviringo, mpaka hapa. Walipokuwa wakiondoka walimsema mlangoni bila kushusha sauti. "Maskini, mikono bado inafanya kazi." Nilisikia mimi peke yangu.

Aliponunua sindano mpya niliona anavyohangaika. Zamani alijua sindano imeanza kuchoka kwa kuisikia. Sasa iligonga tok, tok, tok, naye akaendelea kukanyaga, na kitambaa kikawa kinavutika, mshono ukaruka, akasimama akitazama asielewe. Ningeweza kumgusa mkono nikamwonyesha. Nilijiinamia tu nikiokota vipande vya nyuzi. Jioni alizifuta sindano peke yake. Alininyooshea kifuniko cha kikebe kingine nikishike, nikajifanya sijaona. Sikutaka tena kugusa sindano.

Alasiri moja alikuwa akishona gauni la harusi la binti wa jirani. Mawazo yalikuwa mbali, nafikiri, kwa maana alipogeuza mkono wa gauni kwenye cherehani alipitiliza, mshono ukapita kwenye mdomo wa mkono na kuufunga kabisa. Aliuinua akautazama, akajaribu kupitisha vidole, vikakwama. Alicheka kidogo. Kisha akachukua wembe, akaupinda mkono ule kwenye goti, akaingiza ncha ya wembe chini ya uzi mmoja, akakata, akauvuta, akaingia kwenye wa pili. Kidogo kidogo mdomo ukafunguka. Akatia mkono wake wote ndani, ukatokea upande wa pili, vidole vikacheza hewani. Nguo haikuwa na hata alama.

Nilitazama wembe ule anauweka juu ya meza ya cherehani. Mama alianika nguo za wateja alizokuwa amezifua, akarudi ndani, akajinyoosha kitandani, akalala. Tangu hospitali alikuwa akilala hivyo mchana, ghafla, ubavu mmoja, mkono chini ya shavu. Sikio lake moja lilikuwa juu.

Sikuhisi kwamba nafanya jambo baya. Nilihisi, kwa mara ya kwanza tangu kizingiti kile, kwamba kuna dawa. Niliuchukua wembe kwa vidole viwili kama yeye. Nilipanda kitandani polepole. Niliinama karibu na sikio lake mpaka pumzi yangu ikatikisa vijinywele vilivyokuwa vimeanza kuota upya. Nilikuwa nikiutafuta uzi. Nilijua uzi mweupe huonekana kwa shida, lazima ukivute kitambaa kando kidogo ili uuone. Kwa hiyo nilivuta ncha ya sikio lake, nikaleta wembe.

Alifumbua macho.

Mkono wake ulinishika kabla sijaona ukitoka chini ya shavu. Aliubana mkono wangu, wembe ukaanguka kwenye shuka, akakaa kitako akinitazama, na kwa muda mfupi nilimwona mama yangu akiniogopa mimi. Mpaka leo nikifumba macho nauona uso ule.

"Unafanya nini?" alisema kwa ile sauti kubwa. "Unataka kufanya nini?"

Nililia. Nilimweleza kila kitu, tundu, daktari, kikebe, sindano ya turubai, maneno yote yakitoka pamoja na kamasi, na yeye alikuwa akitazama kinywa changu kinavyopinda asipate hata neno. Nikaacha kusema. Nikanyoosha kidole kwenye sikio lake. Nikachukua sindano isiyokuwepo, nikashona hewani kuzunguka sikio lile, juu chini, juu chini, mpaka nikalifunga. Kisha nikakata uzi mmoja mmoja kama alivyofanya kwenye mkono wa gauni, na nikaufungua mkono wangu: wazi.

Mama alikuwa fundi. Hakuhitaji zaidi.

"Kunifumua," alisema polepole. Mara hii sauti ilikuwa ndogo. "Unataka kunifumua?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Wamekuambia walinishona?"

Nikatikisa kichwa. Nikanyooshea kidole cherehani, kisha nikajinyooshea mimi mwenyewe kifuani. Nikaviringisha mikono, umbo la kikebe.

Aliufunika mdomo wake kwa kiganja. "Zile ulizoniletea," alisema. "Waya alinipa mimi. Zilikaa chini ya mto wangu mpaka siku ya kutoka, zikabaki huko. Nilidhani unanikumbusha kazi. Nilidhani unaniambia, Mama, amka, kazi inangoja." Aliondoa kiganja mdomoni. "Daktari hakuziona. Sindano yake ina bomba, ina dawa ndani, haina uzi. Ile dawa ilinipa kifua ikachukua masikio. Waliniuliza kama waiache. Nikasema endeleeni, nina mtoto."

Aliukamata mkono wangu, akaupeleka nyuma ya sikio lake. "Tafuta," alisema. "Hakuna uzi. Tafuta wewe mwenyewe."

Nilitafuta. Nilipapasa nyuma ya sikio, nikapita kwenye mkunjo wake wa juu, nikashuka mpaka kwenye ncha iliyokuwa na tundu la hereni, nikaingiza kidole kidogo ndani. Palikuwa na joto na ulaini tu. Aligeuza kichwa akanipa la pili, nikatafuta na huko.

Kisha alinishika kidevu, akanigeuzia uso wangu dirishani, kwenye mwanga. "Sema kitu," alisema. "Polepole. Nikutazame mdomo."

Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima ya kuchagua. Tulikaa hivyo, kidevu changu mkononi mwake, uso wake karibu kabisa na wangu, macho yake yakiwa yamening'inia kwenye midomo yangu. Na hapo, juu yetu, paa la bati lilianza kulia, kwanza tone hapa na tone pale, kisha kwa pamoja, kama gunia la mahindi limemwagwa. Yeye hakupepesa hata jicho. Hakujua. Nje nguo za watu zilikuwa kwenye kamba.

"Mvua," nikasema.

Alikunja uso.

"M-vu-a."

Midomo yake ilijaribu umbo lile bila sauti. "Mvua?" akauliza, na kabla sijakubali alikuwa ameshatupa miguu chini, anakimbilia mlangoni, nami nyuma yake, tunaanua nguo za wateja huku tumelowa, tukipokezana mikononi.